Mto na Mkondo: Maneno Mawili Katika Historia ya Maji ya Rwanda

Nilipokuwa mwaka wa pili tulipewa zoezi la kutafsiri aya moja ya Kifaransa kwa Kiswahili. Aya ilikuwa fupi, mistari saba tu, nayo ilieleza mpaka kati ya Rwanda na Burundi. Sentensi ya mwisho niliiandika hivi: "Mpaka huo unafuata mto Akanyaru, lakini mwaka 1965 mto huo ulihama kwa sababu ya mvua kubwa." Niliporudishiwa karatasi nilikuta mwalimu amepigia mstari neno "ulihama", na pembeni ameandika swali moja: "Mto ulihamia wapi?" Rafiki yangu aliyekaa kando yangu alicheka mpaka akainamisha kichwa kwenye dawati. Mimi pia nilicheka, ingawa alama mbili zilikuwa zimekwenda.

Jibu alilolitaka mwalimu lilikuwa jepesi: mto ulibadili mkondo. Nilidhani hiyo ni tofauti ya ufasaha tu, kama zile tunazosahihishiwa kila wiki. Nilipoanza kusoma historia ya Akanyaru yenyewe niliona kwamba nchi mbili zimekuwa zikibishana kuhusu jambo hilohilo nililokosea mimi. Makala haya yanahusu maneno hayo mawili, mto na mkondo, na yale yaliyotokea kwenye maji ya nchi yetu pale watu walipoyachanganya au walipoyatenganisha.

Nianze na lugha. Sisi tunaojifunza Kiswahili huku tukiwa tumelelewa kwa Kinyarwanda tuna matatizo ambayo mtu wa Tanga au wa Mombasa hayajui. Mnyarwanda akisikia "mto" kwa mara ya kwanza, sikio lake husikia "muto", yaani kitu kidogo au mtu mdogo. Akisikia "mkondo" anakumbuka "umukondo", nalo ni kitovu. Kwa hiyo sentensi ya kawaida kabisa kama "mkondo wa mto huu ni mkali" inaweza kumfikia kama kitovu cha mtoto. Tena tuna "isoko", ambalo kwa Kinyarwanda ni chemchemi na pia ni soko la kuuzia vitu; kinachotofautisha ni upatanisho tu, kwa sababu tunasema isoko ya Nili lakini isoko rya Kimironko. Mwanafunzi mmoja wa darasa letu aliwahi kuandika kwamba Wazungu walikuja Rwanda kutafuta soko la Nili. Kwa upande mwingine hakukosea sana.

Kinyarwanda kina majina yake ya maji yanayotembea. Kuna umugezi na kuna uruzi, na uruzi ndio mkubwa, ingawa katika mazungumzo wengi wetu tunasema umugezi kwa yote mawili. Lakini mimi binafsi, ninapotaka kueleza kile ambacho Kiswahili kinakiita mkondo, kwa Kinyarwanda situmii jina. Natumia kitenzi: amazi aratemba, maji yanatiririka. Nadhani hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Nilikuwa na jina moja kichwani, mto, nikalibebesha kazi zote.

Kuna njia nyepesi ya kuyapima maneno haya. Huko Dodoma na katika Ukambani kuna mito ambayo kwa miezi mingi ya mwaka haina tone la maji juu. Watu hupita kwa miguu juu ya mchanga wake, na kina mama huchimba mashimo humo ili wapate maji ya kunywa. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba mto haupo. Unaitwa mto, una jina lake, una kingo mbili na daraja. Usichokuwa nacho ni mkondo. Sasa nenda baharini. Mvuvi wa Pemba atakueleza habari za mkondo siku nzima, unakoelekea, saa unayogeuka, mahali unapokuwa mkali, na hakuna mto wowote hapo. Kwa hiyo mto unaweza kukosa mkondo na mkondo unaweza kukosa mto. Mto ni mahali penye jina. Mkondo ni mwendo wa maji, au njia ambayo maji yanapita wakati yanapopita. Ndiyo maana Kiswahili kimeweza kulichukua neno mkondo na kulipeleka kwenye umeme, na hata shuleni, ambapo kidato cha kwanza kinaweza kuwa na mikondo mitatu. Umeme hauna kingo.

Ukisimama juu Nyamirambo na kutazama upande wa magharibi utaiona Nyabarongo chini bondeni, rangi ya udongo, imejikunja katikati ya mashamba. Kwa mtu wa Kigali hiyo ni Nyabarongo, basi. Lakini mwaka 1898 alipita huku daktari Mjerumani aliyezaliwa Posen mwaka 1867, Richard Kandt, naye hakuwa na haja ya kujua maji yale yanaitwaje. Alitaka kujua yanatoka wapi. Alikuwa anatafuta chanzo cha Nili. Kila alipofika makutano ya mito miwili alilazimika kuamua upi ni mto wenyewe na upi ni kijito kinachoingia ndani yake, na kipimo chake kilikuwa wingi wa maji. Pale Rusumo, ambapo Ruvubu inakutana na maji yanayotoka Nyabarongo, alichagua upande wa Nyabarongo. Akapanda hivyo hivyo, akichagua na kuacha, mpaka akafika kwenye kijito kidogo katika msitu wa Nyungwe, Rukarara. Kitabu chake kilitoka mwaka 1904 kwa jina la Kilatini, Caput Nili, maana yake kichwa cha Nili.

Hebu tuyafuate maji hayo kutoka juu kwenda chini. Yanaanza yakiitwa Rukarara. Yanaingia Mwogo, na kuanzia hapo yanaitwa Mwogo. Mwogo unakutana na Mbirurume, na jina linakuwa Nyabarongo. Yanapita karibu na Kigali, yanapokea Akanyaru, yanafika kwenye vinamasi vya Rweru, na kutoka huko yanaitwa Akagera. Akagera unaingia Ziwa Victoria, na kinachotoka ziwani upande wa Jinja kinaitwa Nili. Kwa Kandt huo ulikuwa mkondo mmoja. Kwa watu waliokuwa wakiishi kando yake, ilikuwa mito mitano, na wala hawakuwa wamekosea. Aliyekaa Mwogo alikuwa na sababu zake za kuuita Mwogo: alijua kivuko chake, alijua kinamasi chake, alijua mwaka uliojaa ukachukua viazi. Maji yanayoendelea mbele baada ya kumpita yalikuwa kazi ya watu wengine. Jambo moja linanifurahisha, nalo sijaliona likitajwa: Akagera, mkubwa kuliko yote hii, umebeba kiambishi cha aka- ambacho kwa Kinyarwanda tunakitumia kwa vitu vidogo, na Rukarara, ambao juu kule msituni mtu anaweza kuuruka, haukupewa kiambishi hicho. Waliotoa majina hawakupima kwa mita za ujazo.

Wengine walitumia vipimo vingine. Oscar Baumann, Mwaustria, alikuwa ameshatangaza mwaka 1892 kwamba chanzo kiko upande wa Ruvubu. Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker akaenda kusini zaidi, akafika Rutovu katika Burundi, na mnara mdogo wa mawe wenye umbo la piramidi ukajengwa huko. Mwaka 2006 wakaja watatu kwa mashua za mpira, Mwingereza mmoja na watu wawili wa New Zealand, wakarudi Nyungwe na kusema chanzo cha mbali zaidi kiko huku. Ukiuliza chanzo kilicho kusini kabisa, jibu ni Burundi. Ukiuliza wingi wa maji, Kandt alikuwa na hoja. Watalii wa pande zote mbili wanapiga picha na wote wanarudi nyumbani wameridhika. Mimi sioni ubaya. Hakuna mtu aliyepoteza shamba kwa sababu ya piramidi ya Rutovu.

Kandt mwenyewe aliwekwa kuwa Mwakilishi Mkazi wa Ujerumani nchini Rwanda mwaka 1907, akaanzisha mji huu wetu, na nyumba yake iliyoko Nyarugenge sasa ni makumbusho. Huko ndiko mtu anapoona jinsi kazi ya kutafuta mkondo ilivyogeuka kuwa kazi ya kuchora mipaka. Yule aliyetaka kujua maji yanatoka wapi alirudi akiwa na ofisi.

Mito ilipendwa sana na wachoraji wa mipaka, na sababu ni rahisi: walikuwa Ulaya, hawajaiona nchi, lakini mto ulionekana kwenye ramani. Mstari wa wino tayari upo, kilichobaki ni kuuita mpaka. Tatizo ni kwamba mto una upana. Ukisema mpaka ni mto, je, ni ukingo huu, ukingo ule, au katikati? Na katikati ya nini? Wajerumani walikuwa na neno lao, Thalweg, maana yake njia ya bondeni, ile sehemu yenye kina ambamo maji mengi hupita na ambamo chombo kinaweza kupita hata wakati wa kiangazi. Kwa Kiswahili mimi ningesema mkondo mkuu.

Mfano mzuri kuliko yote uko mbali kidogo na hapa, lakini unatoka katika karatasi inayotuhusu. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule uliomaliza mvutano wao juu ya Zanzibar, ulikuwa pia na kifungu kuhusu mto Chobe, ambao leo uko kati ya Botswana na Namibia. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Nakala ya Kiingereza ilisema mpaka upite katikati ya mkondo mkuu. Nakala ya Kijerumani ilisema Thalweg ya mkondo mkuu. Katika Chobe kuna kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo tatu na nusu, Wanamibia wanakiita Kasikili na Wabotswana wanakiita Sedudu, na mto unapofika hapo unagawanyika kukizunguka. Mto ni mmoja na mikondo ni miwili. Upi ni mkuu? Kesi ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 13 Desemba 1999. Majaji waliyachukua maneno ya lugha zote mbili kuwa na maana moja, kisha wakaangalia kina, upana, na wingi wa maji yanayopita, wakaona kwamba mkondo mkuu ni ule wa kaskazini. Kisiwa kikawa cha Botswana. Wakaongeza kwamba vyombo vya nchi zote mbili vipite katika mikondo yote miwili bila kubaguliwa. Miaka 109 baada ya mkataba kutiwa saini huko Berlin, wazee wenye majoho wanapima mchanga wa sakafu ya mto ili wajue neno moja lilikuwa na maana gani. Nilipoisoma hukumu hiyo sikuona tena kwamba mwalimu wangu alikuwa mkali.

Sheria ya mipaka ina kanuni nyingine ambayo inaligusa moja kwa moja suala la Akanyaru. Maji yakila ukingo polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka unatembea pamoja nayo. Lakini yakivunja ghafla, yakaacha njia yao na kufungua nyingine kwa mafuriko ya siku chache, mpaka unabaki pale ulipokuwa, hata kama njia ya zamani imebaki kavu na watu wameshapanda mahindi ndani yake. Marekani na Mexico walizozana karibu miaka mia kuhusu kipande cha ardhi kiitwacho Chamizal kwa sababu Rio Grande ulikuwa umeelekea kusini, na walipatana mwaka 1963 tu.

Sasa Akanyaru. Tangu zamani za wafalme, mto huu ulikuwa unatenganisha Rwanda na Burundi katika sehemu kubwa ya kusini. Wajerumani waliukuta hivyo na Wabelgiji wakauacha hivyo. Chini ya Wabelgiji nchi mbili zilitawaliwa kama eneo moja, Ruanda-Urundi, na laiti maji yangebadili njia mwaka 1955, sidhani kama kuna mwanadiplomasia angeamshwa usingizini. Karani mmoja angerekebisha ramani. Lakini tarehe 1 Julai 1962 nchi zote mbili zilipata uhuru, kila moja kwa jina lake, na mto uliokuwa mpaka wa mikoa ukawa mpaka wa mataifa. Mwezi Julai 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Cairo na kukubaliana kuheshimu mipaka kama ilivyokuwa siku ya uhuru. Mwaka mmoja baadaye, 1965, mvua kubwa zikanyesha, na katika bonde la Rukurazi, mahali panapoitwa Sabanerwa, Akanyaru ukaelekea kusini.

Eneo lenyewe ni dogo, kama kilomita za mraba mbili. Mtu anaweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Lakini ni ardhi ya bondeni, nyeusi, yenye maji, na mtu yeyote aliyekulia vijijini kwetu anajua bei ya ardhi ya namna hiyo. Kwa kuwa maji yalikwenda kusini, kipande ambacho kilikuwa upande wa Burundi kilijikuta upande wa Rwanda. Mkulima hakusogea. Jembe lake halikusogea. Nchi ndiyo iliyomzunguka kwa nyuma.

Na hali ya wakati ule haikuwa ya majirani wanaoweza kukaa chini kunywa pombe na kumaliza mambo. Tangu mwaka 1959 Watutsi waliokuwa wanafukuzwa na kuchomewa nyumba walikuwa wakivuka Akanyaru kukimbilia Burundi. Mwishoni mwa mwaka 1963 baadhi ya wakimbizi walirudi kwa silaha kupitia Bugesera, na serikali ya Kigali ililipiza kwa mauaji ya Watutsi waliokuwa ndani ya nchi, hasa huko Gikongoro. Mto huo ulikuwa umelindwa na kuogopwa. Ukiongeza mafuriko juu ya hayo, hata kilomita mbili zinakuwa kubwa.

Ninachotaka wasomaji wenzangu wakione ni hiki: kila upande ungeweza kusema maneno manne yaleyale, mpaka wetu ni Akanyaru, na kila upande ungekuwa unasema kweli. Anayesema hivyo akiwa na maana ya mto, yaani mahali palipokuwa na jina hilo mwaka 1962, anaonyesha njia ya zamani. Anayesema hivyo akiwa na maana ya mkondo, yaani maji yanakopita leo, anaonyesha njia mpya. Kati ya maana hizo mbili ndipo ilipo Sabanerwa. Kinyarwanda na Kirundi, ambazo zinaelewana karibu neno kwa neno, hazikuwapa wanaozozana mahali pa kujificha nyuma ya tafsiri. Walikuwa wanalitamka jina moja kwa lafudhi mbili.

Kwa kanuni niliyoitaja, na kwa azimio la Cairo, mimi naona hoja ya njia ya zamani ina nguvu zaidi kwenye karatasi, na ninaandika hivi nikiwa Mnyarwanda. Lakini karatasi haikulima pale miaka hii yote. Mtu aliyezaliwa baada ya 1965 na kukuta maji yako kusini mwa shamba la baba yake hajawahi kuuona mto mwingine. Kwake yeye njia ya zamani ni hadithi ya wazee, mtaro wenye majani. Ukimwambia kwamba huo mtaro ndio Akanyaru na maji anayoogea si Akanyaru, atakutazama kama mtu aliyepungukiwa. Hapo Kiswahili kinatupa sentensi ambayo naona ni ya haki kuliko ile yangu ya mwaka wa pili: mto ulibadili mkondo. Mto ndio mwenyewe, mkondo ni mali yake aliyoibadili. Sentensi inakubali kwamba kuna kitu kimebaki na kuna kitu kimehama, wala haisemi shamba ni la nani.

Baadhi ya wenzangu niliowasomea rasimu hii walisema ninakuza mambo, kwamba watu wa Morogoro husema "mto umehama" na wanaelewana. Nakubali. Katika mazungumzo hata mimi nitaendelea kusema hivyo. Ninachozungumzia ni maandishi ambayo mtu mwingine atayasoma baada ya miaka 109.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nikiwa Kigali siwezi kuandika juu ya mkondo wa Nyabarongo nikaacha jambo moja.

John Hanning Speke, Mwingereza aliyeitangazia dunia kwamba Nili inatoka Ziwa Victoria, alikaa Karagwe kwa mfalme Rumanika mnamo mwaka 1861 na 1862. Rwanda hakuingia kamwe. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza pia dhana yake kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa walikuwa kabila geni lililoshuka kutoka Uhabeshi. Kwa hiyo mtu yuleyule alitafuta chanzo cha maji na chanzo cha watu kwa pamoja, na kwa njia ileile: akidhani kwamba kila kitu kikubwa lazima kiwe kimetiririka kutoka mahali pengine. Dhana hiyo ilichukuliwa na wakoloni, ikafundishwa shuleni, na ikabaki baada yao.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera, aliyekuwa kiongozi wa chama tawala cha MRND katika mkoa wa Gisenyi, aliuhutubia umati. Alidai kwamba kwa Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia Nyabarongo. Sitayanukuu maneno yake. Waliokuwa pale hawakuhitaji mkalimani. Nje ya nchi ilikuwa kazi nyingine: alikimbilia Canada, na tafsiri ya hotuba hiyo ikabishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, neno kwa neno, mpaka Mahakama Kuu ya juu ya Canada ilipoamua dhidi yake mwaka 2005. Alirejeshwa Rwanda Januari 2012 na akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Hata ramani ilimkatalia, kwa sababu maji ya Nyabarongo hayafiki Ethiopia. Yanayotoka Ethiopia ni yale ya Nili ya Buluu, nayo yanakutana na yetu Khartoum. Lakini yeye hakuwa akifundisha jiografia. Alichukua mto ambao watu walichotea maji na kulishia ng'ombe, akaacha mkondo tu, kitu kinachochukua na kisichorudisha.

Kuanzia Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliouawa walitupwa Nyabarongo, Akanyaru na Akagera. Miili ilishuka Rusumo ikaingia Ziwa Victoria. Watu wa pwani ya ziwa huko Uganda waliitoa majini na kuizika, na leo kuna makaburi ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo yenye zaidi ya watu 10,000. Ule mkondo mmoja ambao Kandt aliupanda kwa kipimo chake, waliushuka hivyo.

Mwaka jana niliombwa kusaidia kutafsiri kwa Kiswahili ushuhuda wa mama mmoja, kwa ajili ya wageni kutoka nchi za Jumuiya. Alisema kwa Kinyarwanda kwamba ndugu zake bajugunywe muri Nyabarongo. Rasimu ya kwanza tuliyopewa ilisema "walichukuliwa na mkondo wa mto Nyabarongo". Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na hapakuwa na kosa la sarufi. Lakini hivyo ndivyo redio inavyotangaza mvua zikizidi: mtu alikuwa anavuka, akasombwa na maji, akachukuliwa na mkondo. Ni lugha ya ajali, na ndani yake mtendaji ni maji. Yule mama alikuwa ametumia kitenzi chenye mikono. Niliandika "walitupwa mtoni Nyabarongo", na aliyekuwa akituongoza akauliza kwa nini nimeondoa neno mkondo ilhali ni sahihi. Nikamweleza. Tulibishana kidogo, kisha ikabaki "walitupwa".

Kila mwaka wakati wa kumbukumbu watu huenda kingoni mwa Nyabarongo na maua. Nami nilikwenda, na njiani kwenye basi nikawa najaribu kuandika sentensi moja ya Kiswahili kuhusu siku hiyo, maana tulitakiwa kuleta ripoti. Kila nilipofika kwenye maua kalamu ilisimama. Kitenzi kinachokuja haraka ni kutupa, na hicho sikukitaka mahali hapo. Nilitazama jinsi wazee walivyofanya: waliinama mpaka mkono ukagusa maji ndipo wakafungua vidole. Niliandika kwamba waliyaweka maua mtoni, na mkondo ukayachukua.